Sindano za Uanaume za Pyo Gil-su

Mjini Masan, Korea Kusini, hapakuwa na mwanamume aliyekuwa mwanamume kama Pyo Gil-su; mwenyewe alihakikisha kila mtu anajua. Alifundisha watu kunyanyua vyuma, shingo nene kama paja, na fulana zake alizinunua ndogo makusudi. Kifua kile kilitokana na sindano za homoni ya kiume, alizojidunga kwa bidii ya mcha Mungu.

Miaka ikapita, mtoto hakuna. Kosa, bila shaka, lilikuwa la mkewe, Se-ryeong. Mama yake Gil-su alimletea dawa chungu za mizizi, akasimama kando mpaka kikombe kikauke.

"Kunywa, mwanangu. Mume unaye, dume zima. Shida ni hilo tumbo lako la baridi."

Se-ryeong akanywa, akatapika, akanywa tena. Siku moja akachoka.

"Mama, kingine nitakunywa huyo dume wako akishapimwa."

"Nipimwe nini mimi?" Gil-su akacheka. "Hebu niangalie!"

Alikwenda hospitali ili amkomoe mkewe tu. Dokta Noh, mama mfupi mpole, aliyatazama majibu, kisha akamtazama yeye.

"Mbegu hakuna. Hata moja. Unajidunga nini?"

Gil-su akataja, kwa fahari kidogo.

"Basi ndiyo hiyo. Korodani hungoja kuagizwa na ubongo. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuagiza. Zako zimelala, bwana, tena zimenywea."

"Lakini nina nguvu, daktari!"

"Unazo. Za kubebea vyuma."

Mabega ya Se-ryeong, aliyekaa kando, yalianza kutikisika. Gil-su akadhani analia, akamshika mkono. Kumbe anacheka.

Gil-su akaacha sindano zake, akaandikiwa nyingine, za kuiga agizo la ubongo ili korodani ziamke. Kifua kikasinyaa. Dume likawa linalia mbele ya matangazo ya sabuni, na wanafunzi wake wakahamia kwa mwalimu mwenye shingo nene zaidi. Gumu kuliko yote lilikuwa kumwambia mama yake.

"Mama, ni mimi. Siyo Se-ryeong."

Mama mtu akatafuna kimchi yake, kabichi iliyochachushwa, akaimeza.

"Ukoo wa baba yako huo," akasema.

Mbegu zilirudi polepole, na baada yake akaja binti. Gil-su alipika mwenyewe supu ya mwani ya mzazi, akaijaza chumvi. Se-ryeong akaionja, akamrudishia bakuli.

"Kapike nyingine," akasema. Naye Gil-su akaenda jikoni.