Mraba Mmoja Kando ya Mto

Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali yale yale kila mlango: nani anaishi hapa, tangu lini, anafanya shughuli gani. Majibu niliyaingiza kwenye kishikwambi. Ukingo ule wa mto, chini ya Kariakoo kuelekea Jangwani, wenye maghala makuukuu na karakana, ulikuwa unapangwa upya uwe mitaa ya maduka chini na nyumba za kuishi juu. Anayeishi tu angepangiwa chumba ghorofani. Mwenye kazi angepata na fremu ya chini, chumba cha biashara.

Nilijivunia unadhifu wa kazi yangu. Nilichoambiwa ndicho nilichoandika.

Nyuma ya ghala moja la zamani waliishi mafundi wanane wa matranka, yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Walifanya kazi wawili wawili: mmoja anashika bati, mwenzake analikunja kwa nyundo. Siku ya kwanza walinipokea kwa kelele.

"Bosi wa ramani huyo! Leo unatubomolea saa ngapi?"

"Huyu mwandike bilionea, kajificha tu huku!"

Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya kufuma iliyopauka, alinisogezea tranka lililopinduliwa nikae. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza shughuli yake.

"Nabangaiza tu, mwanangu."

Wenzake wakajibu vivyo hivyo. Anabangaiza. Anahangaika. Anatafuta riziki. Mjini hapa kila mtu analijua jibu hilo. Ukiitaja kazi yako kwa kujidai mbele ya mgeni anayeandika, unajiitia kijicho, au watu wa kodi. Mimi mwenyewe jirani akiniuliza kwenye ngazi, nasema nabangaiza, na mazungumzo yetu huishia hapo. Lakini siku ile nilibonyeza "hana shughuli maalumu" mara nane, nimekalia tranka.

Mpango ulipobandikwa ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, niliusoma. Bustani kando ya maji, soko dogo, njia ya baiskeli. Nyuma ya ghala palikuwa peupe. Mafundi wote wanane walikuwa wamepangiwa vyumba ghorofa ya nne, bila mahali pa kugongea hata msumari. Marekebisho yalikuwa yanapokelewa kwa wiki mbili, mradi mhusika mwenyewe aitaje kazi yake na kuweka saini.

Nilichelewa siku nne. Niliogopa kuonana nao.

Nilipokwenda nilimkuta mzee peke yake, amebana bati kwa magoti. Wenzake walikuwa wameshauona mpango ule ukutani, wakaenda kutafuta uwanja Mbagala.

"Mzee, nitajie kazi yako niandike."

"Si nilishakwambia?"

"Ulisema unabangaiza."

"Na wewe ukaamini?" Akacheka, halafu akaacha. "Binti, umeikalia kazi yangu nusu saa nzima."

Akatazama huku na huku, kana kwamba yupo wa kutusikia. "Mimi fundi matranka," akasema kwa sauti ndogo, akaweka saini.

Wale saba niliwapigia simu jioni hiyo. Wawili tu walipokea. Mmoja akaniambia, "Dada, sisi tumeshahama. Tuache tubangaize."

Ombi la mzee lilikubaliwa. Kwenye ramani mpya, penye ule weupe, palichorwa mraba mdogo wenye neno karakana. Nikampelekea nakala, nimeikunja vizuri kwenye bahasha. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaupapasa ule mraba kwa kidole gumba, kisha akanirudishia.

"Ahsante, mwanangu. Na bati nitashikiwa na nani?"

Nikamshikia bati lililokuwepo, upande mmoja, mpaka alipomaliza kulikunja. Mikono yangu iliwaka kwa mtetemo.

Mwisho wa mwezi naye alikwenda Mbagala. Nilikuta tranka nililokuwa nakalia limechukuliwa, limebaki alama yake kwenye vumbi.

Kwa utaratibu, natakiwa kutoa taarifa kwamba mraba ule hauna mtu, ili ufutwe. Fomu ninayo chumbani kwangu Kariakoo, juu ya meza ya kulia chakula. Nimeijaza yote. Bado saini yangu.