Mshenga wa Jokotade

Nilimjua Hezekiah Faulkner kabla hajawa mtukufu wa mtu yeyote. Alirudi Freetown kutoka Uingereza na shahada ya sheria, wigi ndani ya kopo la bati, na mashati mawili. Akapanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao iliyotazamana na yetu. Chumba cha chini alikaa Jokotade Wright, mfua nguo, mjane wa baharia, pamoja na mwanawe Cornelius aliyekuwa bado anatambaa. Mimi nilikuwa jirani yao, na sikuwa mtu wa kufunga dirisha.

Siku ya kwanza mahakamani Faulkner alisimama kumtetea mama muuza samaki aliyeshtakiwa kwa kuziba njia. Jaji, Mwingereza, akamtazama akasema, "Sikusikii, Bwana Faulkner." Akapaza sauti. "Sikusikii." Mara ya tatu alisikika mpaka sokoni, lakini jaji alikuwa kiziwi vilevile. Karani ndiye aliyemnong'oneza: vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni vilikuwa vimelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa, na kwa desturi yao wakili asiyevaa ipasavyo hasikiki. Kesi ikaahirishwa hadi kesho yake.

Akarudi nyumbani, akajiinamia ngazini. Jokotade akamvua vile vitambaa bila kuomba ruhusa.

"Nani kakufulia hivi?"

"Mimi mwenyewe, Dada Joko."

"Inaonekana. Kaa na vitabu vyako, baba, maji niachie mimi."

Akachemsha wanga wa muhogo, akakwangulia mshumaa kidogo ndani yake, akapiga pasi ya mkaa. Kesho yake vitambaa vilisimama wima, jaji akapona uziwi, na mama wa samaki akarudi sokoni na beseni lake. Faulkner alikula fufu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa Jokotade jioni ile mpaka akafungua kishikizo cha suruali. Akambeba Cornelius, akaapa: "Huyu akioa, mshenga ni mimi! Nitasimama mlangoni nitukanwe mpaka nipewe mke."

Tulicheka. Nani aliyejua?

Miaka ishirini na tisa Jokotade alimfulia vitambaa vile. Wakili akawa maarufu, akawatetea wauza samaki wa mji mzima, akawa jaji. Uhuru ulipokuja na gavana wa mwisho Mwingereza akapanda meli, Faulkner ndiye aliyepelekwa kwenye jumba la mlimani kuwa Gavana Jenerali. Akavikwa kofia ya manyoya, nasi mtaani tukaulizana ni kuku yupi aliyebaki uchi. Nguo zake sasa zilifuliwa na askari. Jokotade akaiweka ile pasi juu ya kabati. Alijitia kufurahi, lakini nilimwona, na iliniuma.

Mwaka uliofuata Cornelius, sasa mwalimu, alimpenda Lavinia Metzger. Akina Metzger ni watu wa nyumba ya mawe. Wakatuma neno kwamba posa wataisikiliza, ila wangependa kujua mtoto wa mfua nguo anasemewa na nani. Jokotade akavaa viatu vya kanisani, akapanda mlima. Katibu alimwambia mlangoni kwamba mwakilishi wa Malkia habishi hodi nyumbani kwa mtu akafukuzwa.

"Lakini hayo ndiyo mambo ya posa, bwana," Jokotade akamjibu. "Asipofukuzwa, ameposa nini?"

Akarudi na viatu mkononi. Siku mbili baadaye ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na vile vitambaa viwili, vimekunjamana, na karatasi yenye maneno machache: *Jumamosi, saa kumi. Washa pasi.*

Jumamosi tukaenda, mimi nimejitwika kibuyu cha posa chenye Biblia, pete, kokwa za kola na sindano. Faulkner aliliacha gari kwenye kona. Alivaa koti jeusi, kichwa wazi, vitambaa shingoni. Tulipofika kwa akina Metzger, mlango ulikuwa wazi. Zulia limetandikwa hadi barazani, na Bwana Metzger ameinama mpaka nikaona upara wake wote.

Jokotade akanibana mkono. "Wamemfungulia yeye," akasema. "Si mimi. Mwanangu anaozwa na bendera, na mimi nitaingilia jikoni mpaka nife."

Faulkner alisimama kwenye ukingo wa zulia.

"Bwana Metzger, funga mlango."

"Mtukufu?"

"Mtoto wa kike hatolewi mlango ukiwa wazi. Funga, nibishe hodi kama binadamu!"

Mlango ukafungwa. Akagonga. Sauti ya woga ikajibu, "Karibu, Mtu..."

"Karibu gani?" akafoka. "Hakuna mwanamke humo anayejua kutukana?"

Alikuwepo. Mama yake Metzger, ajuza wa miaka themanini, alisikika akisogeza watu kwa fimbo. "Nipisheni! Nani huyo anagonga kama polisi?"

"Ni Hezekiah Faulkner, Gavana Jenerali!"

"Hatukusikii!"

"Jaji wa zamani wa Mahakama Kuu!"

"Hatukusikii! Kuna mtu huko, au ni mbuzi anajikuna mlangoni kwetu?"

Kicheko kikapasuka ndani. Nilimwona Faulkner akipeleka mkono shingoni, akavigusa vile vitambaa. Vilikuwa wima kama ubao, maana Jokotade alivipiga pasi asubuhi ileile. Basi akageuka, akamtazama Jokotade, kisha akaurudia mlango. Safari hii hakupaza sauti.

"Nimetumwa na Jokotade Wright, mfua nguo. Ameona ua katika bustani yenu, analiomba kwa ajili ya mwanawe."

Kisha yule ajuza akauliza, "Jokotade wa wanga? Aliyelea mtoto peke yake kwa pasi ya mkaa?"

"Huyohuyo. Mimi ni mtu wake tu."

"Aa! Sasa tumesikia."

Komeo likavutwa. "Aingie yeye kwanza," ajuza akasema. Jokotade akajifuta macho kwa kiganja, akapita mlango wa mbele kichwa juu, na Gavana Jenerali wetu akabaki nje nyuma ya kibuyu changu, akingoja kuitwa.