Tembe za Presha za Shosho

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa Form Two, mwanangu. Bado hujazaliwa, na mimi mwenyewe niko Form Four tu, lakini nakuandikia sasa kabla sijasahau ile aibu.

Shosho, bibi yangu anayeuza viazi kando ya barabara Sachangwan, ana presha. Bima ya kazi ya mama, kule shamba la maua Kamere, inalipia mama na sisi watoto. Shosho haimjui. Yeye ana ile ya serikali. Zahanati ilimpima bure, ikamwandikia dawa, halafu ikamwambia dawa zimeisha, anunue nje. Nikatumwa mjini Molo kuzinunua.

Jamaa wa duka la dawa aliponitajia bei ya mwezi mzima, niliona pesa nilizopewa hazitoshi. Kuongea na watu nisiowajua hunishinda. Nikampa pesa zote, akanipa tembe za siku kumi, nikasema asante.

Shosho aliziangalia, akazihesabu. "Basi leo nitameza, kesho napumzika."

Na daktari wa zahanati alikuwa amesema ameze kila siku, asiruke. Nilitaka kulia.

"Uliuliza kama kuna ya bei nafuu?"

"Niliogopa."

"Kumwogopa yule? Huja hapa kununua viazi, na lazima aombe nyongeza."

Kesho yake alinivuta mpaka dukani, pamoja na wenzake wawili wanaouza naye barabarani na wanaomeza dawa hiyo hiyo.

"Daktari," Shosho akamwita yule jamaa wa duka, "iko ya kampuni ingine, dawa ikiwa ile ile?"

"Iko, shosho. Msichana hakuuliza."

"Sasa tumeuliza. Na tukinunua kwako sote watatu kila mwezi?"

"Mathe, hapa si sokoni."

"Ndiyo maana hatujapiga kelele," mwenzake mmoja akasema.

Jamaa alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akapunguza bei. Shosho akanifanya nisome jina la dawa na nguvu yake kwenye pakiti kwa sauti, mbele ya watu wote, kuhakikisha ni sawa na ile zahanati iliyoandika. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Tulirudi na tembe za mwezi mzima.

Kwa hivyo, mwanangu, iwe bima ya serikali au ya kazi, uliza mapema inalipia nani na inaishia wapi. Dawa ikikushinda bei, usipunguze kumeza. Uliza kama kuna nyingine iliyo sawa. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na wenzako. Mungu akupe afya njema, na siku ukiugua akupe mdomo wa kuuliza.