Mota ya Saba na Nusu

Enzi zetu mashine ya kusaga uliisikia kabla hujaiona. Ya kijijini kwetu, milimani juu ya Mbalizi, ilikuwa ya dizeli. Ilianza kupiga tu-tu-tu ukungu haujainuka, nasi watoto tukipanga madebe yetu kwenye foleni kisha tunakwenda kucheza rede. Ulirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama za bibi. Watoto wa siku hizi unga wanaujua kwa rangi ya mfuko. Ukiwaambia unatoka kwenye mahindi wanakutazama kwa huruma.

Mashine ile ilikuwa ya hosipawa kumi. Hiyo kumi kila mtu aliijua, hata asiyejua kusoma. Farasi mwenyewe hatukuwahi kumwona, lakini baba, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mashine, alishatueleza kwamba ni kama maksai kumi wanaovuta jembe moja. Tukaridhika.

Kisha ikafa, tena mwaka wangu wa darasa la saba. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, kwa hiyo debe likahamia kichwani kwangu. Nilishuka Mbalizi alfajiri, nikapanda na unga jioni, na siku hiyo shule ndiyo imekwenda. Unga wa nyumba yenye watu wengi hauchelewi kuisha. Mwalimu alishaanza kuniambia kwamba mtihani hautanisubiri. Nilikuwa nalia njiani, maana njiani hakuna wa kukuuliza unalia nini.

Misheni ya jirani walikuwa na umeme wa maporomoko ya mto. Wakakubali kutuvutia waya, wakaleta na mota. Kibati chake kiliandikwa kilowati 7.5. Baba akainama, akasoma, akainuka.

"Tulikuwa na kumi," akasema. "Saba na nusu ya nini?"

Kamati nzima ikaona hivyo hivyo. Fundi wa misheni akaeleza kwamba kilowati moja inaizidi hosipawa moja, kwamba saba na nusu za huku ni kama kumi za kule. Wakamsikiliza kwa adabu, wakaamua mota irudishwe. Nani alitaka kuchekwa na vijiji vingine kwamba tumepunguziwa na tukanyamaza?

Jioni ile nilikuwa jikoni na hesabu zangu za kugeuza, kilomita kuwa mita, kilo kuwa gramu. Mama alikuwa anasonga ugali. Akaniuliza kama hizo kilowati nazo zinageuzwa. Nikamwambia ndiyo, unazidisha kwa elfu moja, unapata wati.

"Saba na nusu inakuwa ngapi?"

Elfu saba na mia tano, nikamjibu. Akamaliza kusonga, akafunika ugali, akaomba chaki.

Asubuhi kamati ilipokuja kuifungua mota irudishwe, ubavuni mwake palikuwa na herufi kubwa zilizopinda, mwandiko wa mtu wa kisomo cha watu wazima: WATI 7500. Mzee mmoja akauliza taratibu kama kitu cha elfu saba hakitabomoa kibanda. Baba aliyatazama maandishi yale kwa muda, kisha akatangaza mota ibaki. Nikarudi darasani, nikafaulu. Na vijiji vya jirani vikaanza kuleta mahindi kwetu.

Siku hizi naishi Mlandege, Iringa, nilikofundisha mpaka kustaafu. Mama hayupo tena. Baba ninaye, mzee sana. Juzi mjukuu wangu alimbadilishia taa ya chumbani, akatoa ile ya zamani ya wati sitini na kuweka hizi za kisasa za wati tisa. Chumba kikawa cheupe kabisa, lakini baba alisoma boksi akakasirika. Tisa! Mmenipunguzia. Kijana akatoa simu yake amtafutie maelezo, maana hawa bila simu hawajui hata saa ya kula.

Mimi nikachukua kalamu, nikageuza kama tulivyofundishwa, nikaandika kwenye boksi: MILIWATI 9000. Nikampa.

Baba akasoma. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwandiko wa mama yako niliujua," akasema. "Si mimi niliyempeleka kisomo? Lakini alitaka urudi shule. Ningebishana na nani?"