Mjumbe wa Mzee na Mkwewe

Juzi, kwenye kliniki moja hapa Mwanza, nilikaa na mtoto wangu katikati ya mzee na mke wa mwanawe. Mzee alichagua kutibiwa tezi dume kwa kifaa kinachopita njia ya mkojo, bila kupasuliwa. Mpira wa kutolea mkojo ulikuwa umetolewa. Asipokojoa mwenyewe, anarudishiwa. Lakini kwa mila yao, mzee na mkwe hawasemeshani moja kwa moja; hupitia kwa mtu mwingine.

“Mwanangu,” mzee akaniambia mimi, “mwambie mkwe wangu aongeze maji.”

Kabla sijafungua mdomo, kikombe kimejaa.

Mzee akaingia chooni. Akatoka meno yote nje.

“Mwambie mpira hatuutaki tena!”

Mkwe alisikia, ila akainamisha macho, akasubiri nimwambie. Nilipomaliza, akapiga kigelegele, benchi zima likaitikia. Mzee akafunika uso kwa kofia, mabega yakicheza.

Sijawahi kupeleka habari karibu hivyo, wala tamu hivyo.