Wino Viganjani Siku ya Posa

Nichekeni, lakini taratibu, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya sabini na hadi leo ikinijia niko shambani nasimama na jembe langu nasema "ah!" kwa sauti, mke wangu ameshazoea, haulizi tena.

Nilikuwa mwalimu kijana Kibondo, suruali bugaluu, nywele nimezitimua juu (ndiyo, nilikuwa nazo), na nilimpenda msichana wa Kasulu aitwaye Leokadia, nilimpenda kweli, naye alinitaka. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Bihaga, karani wa enzi za mkoloni, ambaye hakuamini kwamba sisi walimu wa baada ya uhuru tunajua Kiingereza. Kila aliyekuja kuposa alimuuliza swali lile lile: nitajie maana za neno get. Mmoja alijibu "kupata," akanyamaza, na posa yake ikaishia hapo.

Neno lenyewe jamani! Nililikalia wiki tatu na kamusi ya shule. Linapata, linafika, linaelewa, linaamka kitandani, linapanda basi na kushuka, linaugua, linapona, linakasirika, linaoa, na huko mitaani kwa Waingereza eti linafukuza watu na kulipiza kisasi. Nikikariri kumi asubuhi, jioni nimebaki na nne. Basi siku ya posa nikaamua jambo dogo tu, nikaziandika zote kwenye viganja vyangu viwili kwa wino wa bluu, herufi ndogo ndogo, nikajiona mjanja kuliko wote.

Sasa ninyi mnazijua salamu zetu Waha. Mkubwa hasalimiwi kwa mdomo mtupu, unainama, unapiga makofi polepole, anakuuliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, unapiga tena. Mimi mtoto wa Kumsenga nililijua hilo kabla sijajua kuvaa kaptula, lakini asubuhi ile kichwani mlikuwa na get tu.

Tulipoingia uani mshenga wangu akainama, makofi, "Mwakeye, mwakeye," Mzee akaitikia, kisha akanigeukia mimi. Nikapiga kofi la kwanza nikahisi utelezi (jasho la woga), nikachungulia, kiganja cha kulia nusu kimeshakuwa bluu tupu. Nikaona zilizobaki zitafutika zote, nikatia mikono mifukoni. Mifukoni, mbele ya mkwe! Nikasema "Shikamoo mzee" nimesimama wima kama nguzo.

Mshenga akanikanyaga mguu. Mzee Bihaga akaniuliza kwa upole, upole ule wa kutisha:

"Mwanangu, mikono inauma?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole sana. Leokadia! Lete maji ya moto tumkande mgeni."

Akaja na beseni, mpenzi wangu, akapiga magoti, akanitoa mikono mifukoni mmoja mmoja kwa huruma, akaigeuza. Akaangalia. Akaniangalia. Akauma kanga yake asicheke. Mzee akavaa miwani, akasogea, akasoma kiganja cha kushoto, akasoma kilichobaki cha kulia, hakuruka hata mstari.

"Kiingereza unacho, mwalimu," akasema. "Lakini umefika kwangu ukaona bora uokoe wino kuliko kunisalimu. Nendeni salama."

Nikapangusa jasho la uso kwa viganja vile vile, na ndiyo maana sokoni Kasulu watu walikuwa wananipisha njia huku wanacheka, mpaka mshenga akanionea huruma: "Mwalimu, una mashavu ya bluu." Nikapanda lori kurudi Kibondo hivyo hivyo.

Leokadia aliolewa na mkulima wa Munanila asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Mimi niliapa sitaandika tena kitu mkononi, na nikienda kumsalimu mtu, hata kalamu naiacha nyumbani.

Tulikuja kuonana na Leokadia miaka mingi baadaye, soko lile lile, wote tuna mvi. Akatua kikapu chake, akainama, akapiga makofi, nami nikapiga, tukaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, hatukuacha kitu. Kisha akanishika mikono, akaigeuza viganja juu.

"Leo ni safi," akasema, tukacheka sana, na ilibidi nigeuke pembeni kidogo nipanguse macho.