Mafuta ya Mbuzi Kwenye Kava

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, hata kama ningependa isinijie. Sikiliza kabla sijainuka tena, maana jambo hili likinishika siwezi kukaa mahali pamoja.

Nilikuwa bado kijana. Wezi wa mifugo walikuwa wamemaliza boma letu, nikabaki mimi. Nikakimbilia Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nikapata darasa la watu wazima. Tukapewa vile vifaa bapa vya kusomea vitabu, kimoja kwa wanawake wawili. Mimi niliwekwa na Akai, msichana wa Kaikor. Sheria ilikuwa moja: ukiharibu, unatoka.

Nikaenda mjini Lodwar kutafuta kava ya kukikinga. Ekeno, mwenye duka karibu na stendi, na namtaja kwa jina, akaniuzia ya bei ya chini. "Hii ni ngozi kabisa, mama. Itakuzika." Uongo mtupu. Ilikuwa karatasi iliyopakwa rangi. Wiki mbili za jua, gundi ikalegea, pembe zikaachia.

Nikasema, mimi najua ngozi kuliko Ekeno. Nikakata ngozi ya mbuzi, nikaishona kwa uzi wa gunia. Ilikuwa ngumu, kwa hivyo nikaipaka mafuta ya mbuzi, vile mama yangu alilainisha sketi zake za ngozi. Nikakivika kile kifaa, nikakiacha dirishani mchana. Wewe unajua jua letu. Mafuta yakayeyuka, yakaingia kwa kitundu cha chaji. Kioo kikafanya doa jeusi, hakikuwaka tena.

Mwalimu wetu, Mama Furaha, Mkongo, alikigeuza mkononi akakinusa. "Ninyi bamama, mulitaka kukikaanga?" Darasa likacheka. "Nani alipaka mafuta?"

Nikasema, "Akai ndiye alikuwa nacho."

Akai akaniangalia. "Dada... mimi?"

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kikaishia hapo. Na mimi niliyeweza kumsemea nilitazama chini. Jumatatu hakuwepo.

Leo mimi nasoma. Yeye, nasikia, barua za shule ya watoto wake anasomewa na jirani. Mara tatu nimepanda gari la kwenda kwao Kaikor, mara tatu nimeshuka njiani.

Sasa shika hili. Kava ikilegea, kata tyubu ya baiskeli, ifunge kama mkanda. Pembe ikivunjika, shona kitambaa kikavu cha jinzi, ndani weka kipande cha katoni. Mafuta usipake kabisa. Supagluu usiisogeze karibu na kioo. Na ukiharibu, sema "ni mimi" hapohapo, kabla aliyeuliza hajafunga mdomo, kwa sababu ukichelewa kidogo tu kuna mtu mwingine atalipa. Ekeno aliniuzia karatasi, hilo ni lake. Aliyemtoa Akai darasani ni mimi, Nakiru.

Akuj, Mungu wetu, akupe mikono ya kutengeneza na ulimi usiokimbia. Popote utakapoketi, uketi umetulia.